Ukimpenda, Usimguse!

Mwenzi wako amenaswa na umeme mbele ya macho yako. Mkono wako utataka kumvuta. Mkono huohuo unaweza kuwapeleka kaburini wote wawili.

Kilichonipeleka Kilangala ni kutoa pole. Rafiki yangu tuliyesoma naye chuo, ambaye siku hizi anafanya kazi ya ofisini Lindi mjini, alikuwa amenusurika. Kwenye simu aliniambia maneno machache tu: "Bwana, shemeji yako kidogo awe mjane. Njoo uyasikie."

Basi nikaenda. Nyumba ameimalizia mwaka juzi, pembeni ya ile ya mama yake, upande huo wa Mchinga kaskazini mwa Lindi: vyumba vitatu, bati la bluu, mkorosho mkubwa mbele, minazi nyuma. Nilimkuta barazani kwenye mkeka, vidole viwili vya mkono wa kulia vimefungwa bandeji, anacheka kama kawaida yake. Shemeji alikuwa jikoni. Nilipotaka kuinuka nikamwamkie Mama kwenye nyumba yake, jamaa akanishika mkono.

"Subiri kwanza," akasema kwa sauti ya chini. "Mama na mkwewe hawaongei. Leo siku ya nne."

Ilikuwa hivi. Jumapili mchana alikuwa anavuta maji kisimani kwa pampu ndogo ya umeme. Waya ameupitisha dirishani, na kwa kuwa ulikuwa mfupi, ameunga na kipande kingine na kukifunga kwa seloteipu. Ndiyo, hiyohiyo ya kufungia bahasha. Chini kumelowa, yeye yuko peku. Akainama kuisogeza pampu.

Mama yake alikuwa hatua chache tu, anapepeta ufuta. Alichoona ni mwanawe kukakamaa, meno yameumana, mkono umeganda kwenye pampu, na sauti inamtoka ambayo si ya mtu. Akatupa ungo akakimbia kumshika. Shemeji naye alikuwa anatoka jikoni. Alimdaka mama mkwe wake kwa upindo wa kanga, akamvuta nyuma kwa nguvu zote mpaka yule mama akaanguka chini, mbele ya majirani. "Mama, usimguse! Usimguse!" Halafu akamwacha palepale chini, akakimbilia ndani kuzima umeme.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya huyo mama. Mwanao anakufa unamwona, na mwanamke aliyemuoa anakuangusha ili usimwokoe. Tena huku Pwani, ambako mkwe hata sauti hampandishii mama mkwe. Mimi mwenyewe, niseme ukweli, kabla sijaanza kuuliza wataalamu kwa ajili ya makala hii, ningekuwa upande wa Mama.

Kwa nini hawezi kuachia

Watu wengi tunadhani umeme unamrusha mtu. Wakati mwingine ndivyo. Lakini umeme wa majumbani, hasa ukiukamata kwa kiganja, mara nyingi unanasa. Umeme tunaopata majumbani Tanzania ni wa volti 230, na unabadilisha mwelekeo wake ukirudi mzunguko mara 50 kila sekunde. Misuli yetu nayo inaendeshwa na umeme mdogo sana unaotoka kwenye mishipa ya fahamu, kwa hiyo ukiingia ule wa nje, misuli inajikaza yote kwa pamoja. Misuli ya kukunja vidole ina nguvu kuliko ya kuvikunjua. Matokeo yake kiganja kinafunga. Mtu anasikia, anajua, anataka kuachia, na mkono haumtii.

Inahitajika umeme mdogo mno kufikia hapo: kiasi cha miliampea 10 hadi 20, yaani sehemu moja au mbili hivi kati ya mia za ampea moja. Ukizidi kidogo, misuli ya kifua nayo inakaza na pumzi inakata. Ukikaribia miliampea 50 hadi 100, moyo unaweza kuacha mdundo wake na kubaki unatetemeka tu bila kusukuma damu. Mtu akifika hapo, zinahesabiwa dakika.

Na maji je? Ngozi kavu inauzuia umeme kwa kiasi kikubwa, ngozi iliyolowa haiuzuii. Mtu mwenye mikono mikavu na viatu vya mpira anaweza kugusa waya akasikia kama kang'atwa na siafu, akaruka pembeni na kuanza kutukana. Mtu huyohuyo akiwa peku kwenye tope anapitishiwa umeme mara mia zaidi. Piga hesabu ya fundi: volti 230 kwenye mwili wenye ukinzani wa omu 1,000, ambao ndio wa mtu aliyelowa, zinatoa miliampea 230. Hicho ni kipimo cha kuua.

Jamaa aliniuliza swali ambalo hata wewe pengine unalo. "Mbona breka haikuanguka?" Haikuanguka kwa sababu haikuwekwa pale kwa ajili yako. Breka ya kawaida imewekwa kulinda waya usiungue, na ya soketi inasubiri zipite ampea 16 au 20 au zaidi ndipo ikate. Binadamu anakufa kwa chini ya robo ya ampea moja. Kwa breka, wewe ni kama balbu moja tu imewashwa. Kipo kifaa kingine kinachotazama umeme unaovuja kwenda ardhini, mafundi wanakiita RCD, na cha miliampea 30 kinakata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Hicho ndicho cha kulinda mtu. Fungua sanduku la umeme la nyumba yako leo, tafuta chenye kitufe kimeandikwa herufi T. Kama hakipo, ujue umeishi kwa bahati.

Sasa rudi kwa Mama. Angemkamata mwanawe kwa mikono iliyotoka jasho la kupepeta, amesimama kwenye tope lilelile. Umeme usingejua huyu ni mzazi. Ungepita kwa mwanawe ukaingia kwake kutafuta ardhi, na mikono yake ingefunga kama ya mwanawe. Kisha shemeji angetoka jikoni akakuta watu wawili.

Swichi kubwa iko wapi?

Hili ndilo swali la kumuuliza mwenzi wako usiku huu, kabla ya hayo mengine. Muulize bila kumwonyesha. "Baba fulani, mein swichi yetu iko wapi?" Au wewe kaka, muulize bibie: "Nikinaswa hapa jikoni, unakimbilia wapi?"

Niliwauliza wanandoa kadhaa wa rika langu, watu wenye kazi zao na simu za bei mbaya. Karibu kila nyumba jibu lilikuwa moja: mume anajua, mke anajua namba ya mita ya LUKU tu. Na kwenye nyumba za kupanga ni balaa zaidi, maana swichi iko chumbani kwa mwenye nyumba, naye kasafiri na funguo. Yaani tunajua siku ya kuzaliwa ya mwenzetu, saizi ya kiatu chake, neno la siri la simu yake (msijifanye hamlijui), lakini kitu kimoja kitakachoamua kama atafika kesho hatujui kilipo.

Shemeji alijua. Swichi yao iko koridoni, juu ukutani, na chini yake walikuwa wamepanga magunia. Ilibidi apande juu ya gunia la ufuta ndipo aifikie. Anasema zile sekunde za kupanda zilikuwa ndefu kuliko mimba yake ya kwanza.

Kama swichi iko mbali au huijui, chomoa plagi ukutani, ilimradi hukanyagi maji na hugusi waya uliochubuka. Usiridhike na kuzima kitufe cha kifaa chenyewe, kwa sababu waya bado unaweza kuwa na moto. Na wenye inveta ya sola au jenereta, tena ni wengi siku hizi: ukizima swichi ya TANESCO, hivyo vingine vinaendelea. Kila chanzo kina swichi yake.

Kama hakuna njia kabisa ya kukata umeme, na ni umeme wa nyumbani tu, basi simama juu ya kitu kikavu kisichopitisha umeme. Kreti la soda la plastiki linafaa sana, ubao mkavu unafaa, kiti cha plastiki kikilazwa kinafaa. Halafu tumia kitu kirefu kikavu kusukuma waya mbali naye, au mkono wake mbali na kifaa: mpini wa fagio, mchi wa kinu. Sharti ni ukavu. Tawi bichi la mkorosho au kuti bichi limejaa maji ndani, linapitisha. Mwiko wa chuma hata usiuguse. Na ndala zako zilizolowa usizihesabu kama kinga.

Wakati wote huo paza sauti watu waje, na wakija wazuie. Kazi ngumu kuliko zote pale Kilangala, shemeji anasema, haikuwa kuzima umeme.

Akishaachiwa

Umeme ukikatika mtu anaanguka kama gunia. Sasa mguse. Hana tena umeme mwilini, hauhifadhiwi kama maji kwenye ndoo. Mtikise bega, muite kwa jina, tazama kifua kama kinapanda na kushuka. Kama alikuwa juu ya ngazi au darini akaanguka, usimgeuzegeuze shingo wala kumkalisha, maana mgongo unaweza kuwa umevunjika.

Kama hapumui, au anahema kwa kukwama kama samaki nchi kavu, usingoje gari. Mlaze chali sehemu ngumu. Weka kisigino cha kiganja katikati ya kifua, kiganja cha pili juu yake, nyoosha mikono, bonyeza kwa uzito wa mwili wako: kina cha sentimita 5 hadi 6, kwa kasi ya karibu mara mbili kila sekunde. Kiache kifua kirudi juu kila mara. Ukiwa umefundishwa, kila baada ya kubonyeza mara 30 mpe pumzi mbili za mdomo kwa mdomo huku umeminya pua yake. Kwa aliyenaswa na umeme pumzi hizo zina maana sana, kwa sababu mara nyingine ni misuli ya kupumua tu iliyogoma. Kama hujafundishwa, bonyeza tu bila kukoma. Utachoka mapema kuliko unavyofikiri, kwa hiyo mpokezane. Usiogope kuvunja mbavu, mbavu zinaunga.

Na hili wanandoa mnisikilize. Aliyenaswa na umeme mara nyingi ni kijana mwenye moyo mzima, haukuwa mgonjwa, umesimamishwa tu ghafla. Watu wa namna hiyo wanastahili kupiganiwa hata wakionekana wamekwisha.

Rafiki yangu hakufika huko. Alikuwa anapumua, amechanganyikiwa, anauliza "pampu imezima nani?" Jirani mmoja, mtu mzima anayeheshimika, akashauri achimbiwe shimo na kufukiwa mchangani mpaka shingoni ili ardhi ivute umeme. Mwingine akaleta maziwa. Sisemi wana nia mbaya. Nimesikia hayohayo Tanga, nimeyasikia na Dar. Lakini mchanga hauvuti kitu ambacho hakipo, unachofanya ni kumnyima mtu pumzi na kuingiza uchafu kwenye kidonda. Na mtu ambaye akili haijamkaa sawa ukimnywesha maziwa, yanaweza kuingia kwenye mapafu.

Vidonda vya moto, baada ya umeme kukatwa, vimiminie maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Si barafu. Si dawa ya meno, si majivu, si ute wa yai, si mafuta ya nazi. Vua pete na saa mapema kabla hakujavimba, na nguo iliyogandia kwenye kidonda iache hapohapo. Funika kwa kitambaa safi, twende hospitali.

"Niko poa"

Wanaume hatujambo kwa neno hili. Rafiki yangu naye alilitumia. Baada ya nusu saa amekaa, ana vidole viwili vyenye alama ndogo nyeusi kama sigara imezimiwa pale, na kisigino kina alama nyingine ndogo. Anataka kumalizia kuvuta maji. Eti.

Zile alama mbili ni pale umeme ulipoingilia na ulipotokea. Zinaweza kuwa ndogo kama punje ya mahindi, huku njia nzima iliyo katikati, misuli, mishipa, mpaka moyo, imepata joto ambalo kwa nje hulioni. Misuli ikiungua ndani, mabaki yake yanaingia kwenye damu na kwenda kuziba figo. Dalili ni mkojo kuwa na rangi ya chai ya rangi. Moyo nao unaweza kuwa umebaki na mdundo usio sawa.

Aliyezimia, aliyenaswa asiweze kuachia, aliyelowa wakati wa tukio, mwenye kidonda hata kidogo, mwenye maumivu ya kifua, mwenye ganzi: wote hospitali siku hiyohiyo. Mama mjamzito aende hata kama alihisi mtekenyo tu, kwa sababu mtoto yuko ndani ya maji na anatakiwa kusikilizwa moyo wake. Na mtoto mdogo aliyetafuna waya akaungua pembeni mwa mdomo, msidanganyike kidonda kikianza kukauka. Kati ya siku ya 5 na ya 14 kigaga kinaweza kubanduka, na mshipa wa damu wa mdomoni ukafunguka ghafla, mara nyingi usiku akiwa amelala. Apelekwe mapema, na wazazi wafundishwe kubana.

Shemeji hakubishana na mumewe. Alichukua funguo za gari akazungumza na dereva, shemeji mwingine, basi wakampakia. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine, pale Lindi, walimpima moyo na mkojo, wakasafisha vidole, wakamlaza usiku mmoja wamwangalie. Asubuhi akaruhusiwa.

Kuna na yale yasiyoonekana kwenye kipimo. Shemeji alinong'ona kwamba mumewe siku hizi anashtuka usingizini, na anamtuma yeye kuwasha pasi. Hasira zake ziko karibu. Hayo yanajulikana kwa watu waliopigwa na umeme: usingizi kuruka, kusahausahau, hofu, mikono kufa ganzi, na kwa wengine mtoto wa jicho miezi mingi baadaye. Kama mwenzi wako amebadilika baada ya tukio kama hilo, usimwambie anadeka. Mrudisheni kwa daktari.

Shilingi 27,000 na yanayofuata

Kuna kejeli fulani katika mkoa huu. Gesi ya Songo Songo, huko Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974, na tangu 2004 inasafiri kwa bomba la kilomita 232 kwenda kuwasha Dar es Salaam, wakati vijiji vingi vya pwani hii vilikuwa bado vinatumia koroboi. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulianza kazi 2007, na nguzo zikaanza kuingia vijijini polepole. Leo kuunganishiwa umeme kijijini ni shilingi 27,000. Ni jambo jema, hakuna atakayelibeza.

Lakini hiyo 27,000 inaishia kwenye mita. Kutandaza waya ndani ni juu yako, na hapo ndipo watu wanapobana matumizi. Fundi mwenye leseni ya EWURA anaonekana ghali, anaitwa kishoka. Waya mwembamba, maungio ya seloteipu, na ile nondo ya shaba inayotakiwa kuzamishwa ardhini, ambayo ndiyo inayoupa umeme uliovuja pa kwenda badala ya kupitia kwako, haiwekwi kabisa au inawekwa fupi kama kiberiti. Pampu ya rafiki yangu ilikuwa imevuja siku nyingi. Mwili wake wa chuma ulikuwa na umeme, ukisubiri tu mtu mwenye miguu mibichi.

Pwani inaongeza yake. Chumvi ya hewani inakula maungio ya waya. Mikorosho na minazi inaota mpaka kwenye nyaya za TANESCO, na wakati wa kuangua nazi au kupogoa, mtu anapeleka mti mrefu juu bila kutazama. Na jambo moja linaloniogopesha kuliko yote kwa kuwa kila ua linalo: kamba ya kuanikia nguo iliyotengenezwa kwa waya, upande mmoja umefungwa kwenye bati. Waya wa umeme unaopita chini ya bati ukichubuka, bati lote linapata umeme, na kamba nayo. Anakuja dada na ndoo ya nguo mbichi. Nunua kamba ya katani au ya nailoni, ni bei ya soda chache.

Msicheke wanakijiji, lakini. Nyinyi wa maghorofani Dar mnachomeka plagi ya miguu miwili kwa kusukuma tundu la juu na kalamu ya biki. Lile tundu lina kifuniko makusudi. Mnachemsha maji ya kuoga kwa hita ya ndoo, halafu mnaonja joto kwa kidole wakati hita bado iko kwenye umeme. Na ndugu zetu wa Nairobi na zile bafu za umeme zinazotekenya, wanazizoea mpaka siku moja. Kinachotekenya leo kimeshakuambia kuna uvujaji. Zima, ita fundi.

Waya wa nje ni habari nyingine

Yote niliyosema kuhusu mchi na kreti ni ya umeme wa nyumbani. Nyaya za juu za nguzo kubwa zina volti 11,000 au 33,000. Umeme huo hauhitaji kuguswa, unaruka hewani, na mti mkavu si kizuizi kwake. Waya ukianguka, kaa angalau mita 10 mbali, hata kama umelala kimya haucheki cheche. Mitambo inaweza kuurudisha umeme yenyewe baada ya sekunde chache. Ardhi inayouzunguka nayo ina umeme, na kupiga hatua ndefu kunaupitisha kutoka mguu hadi mguu, kwa hiyo ukijikuta karibu, bana miguu na uondoke kwa kuburuza nyayo bila kuzitenganisha. Ukiwa ndani ya gari lililoangukiwa na waya, baki ndani, labda liwake moto. Likiwaka, ruka nje kwa miguu yote miwili pamoja, usiguse gari na ardhi kwa wakati mmoja.

Tarehe 2 Februari 2022, soko la Matadi Kibala, Kinshasa, waya wa umeme mkubwa ulikatika na kuangukia eneo lililojaa maji baada ya mvua. Watu 26 walikufa, wengi wao wanawake wachuuzi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoipiga pwani yetu na barabara ya Dar kwenda Lindi ikakatika maeneo ya Somanga, nilikumbuka hilo soko. Mafuriko na nguzo zilizolala havikai pamoja. Aliyenaswa huko, hata awe mume wako, huwezi kumfuata mpaka TANESCO wathibitishe wamekata. Ni neno gumu kuliandika. Piga simu yao ya dharura ya wilaya, ambayo iwe tayari kwenye simu yako, au Zimamoto kwa 114.

Radi ni kinyume chake. Imepiga na imeshaondoka, aliyepigwa hana umeme, mguse mara moja na uanze kubonyeza kifua.

Kigoda

Jioni nilikwenda kumwamkia Mama. "Shikamoo." "Marahaba, mwanangu." Akanikaribisha mkekani, tukakaa kimya kidogo. Kisha akaniuliza bila kuniangalia.

"Hivi ni kweli ningekufa?"

Nikamwambia ndiyo, Mama, kwa yale maji na bila kiatu, kuna uwezekano mkubwa. Na mkweo angewafuata, kwa sababu asingeweza kusimama kuwatazama wawili.

"Alinikamata kama mwizi," akasema. Baadaye kidogo akaongeza, "Ana nguvu, huyu mtoto."

Hakusema zaidi. Usiku tulipokuwa tunakula, mjukuu alikuja na sahani ya mhogo wa nazi imefunikwa, akaiweka mbele ya shemeji. "Bibi kasema ule wewe." Shemeji aliinamisha kichwa, akala mhogo wote peke yake, hata mumewe hakumpa.

Wiki iliyofuata jamaa alinipigia. Fundi mwenye leseni alikuwa ameshafika, kaweka RCD, kazamisha nondo, kaitupa ile seloteipu huku anasonya. Magunia yamehamishwa. Mama alikuja akasimama koridoni, akamwita mkwewe, akamtaka amwonyeshe swichi ilipo. Akanyoosha mkono, haukufika, Mama ni mfupi. Akarudi kwake akaleta kigoda chake cha kukalia jikoni, akakiweka chini ya swichi, akapanda, akazima umeme wa nyumba nzima, akawasha tena. Kigoda kiko palepale mpaka leo, na wajukuu wamekatazwa kukikalia.